Maswali ya Wasomaji: Treni Zinapopishana na Zinapofukuzana

Safu ya toleo hili tumeitenga kwa ajili ya mafumbo ya hisabati ambayo wasomaji wetu wamekuwa wakituandikia kwa sura mbalimbali: treni zinazopishana, zinazofukuzana, zinazovuka madaraja, na zinazompita mtu aliyesimama kando ya reli. Barua tumezifupisha, lakini tarakimu tumeziacha kama zilivyoletwa.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Tulipewa swali la treni mbili zilizo katika reli sambamba: moja ina urefu wa mita 160 na inakwenda kilomita 54 kwa saa, nyingine ina urefu wa mita 200 na inakwenda kilomita 90 kwa saa. Tulitakiwa kutafuta muda wa kupishana ikiwa zinaelekeana, kisha muda ambao ile ya kasi itautumia kuipita ile ya polepole ikiwa zote zinaelekea upande mmoja. Najua kwamba mahali pamoja kasi hujumlishwa na mahali pengine hutolewa, lakini kila mtihani ninabahatisha. Nitajuaje bila kukariri?

JIBU: Marahaba. Huko kukariri ndiko kunakokuponza, kwa sababu kanuni mbili zinazofanana zikikaa kichwani bila sababu zake hubadilishana nafasi mara tu mtu anaposhikwa na hofu, na hofu haikosekani katika chumba cha mtihani. Weka kanuni kando kwanza, kisha ujichukulie kuwa umeketi dirishani ndani ya ile treni ya polepole, na uamue kwamba treni yako imesimama tuli. Uamuzi huo si udanganyifu. Abiria yeyote aliyekaa ndani ya treni iliyosimama stesheni, halafu treni ya jirani ikaanza kuondoka, anajua jinsi anavyoweza kuhisi kwamba ni treni yake ndiyo inayorudi nyuma. Jicho lake linapima jinsi treni moja inavyosogea kwa kulinganishwa na nyingine, wala halina njia ya kujua ipi imesimama kweli mpaka lipate nguzo au ukuta wa kutazama.

Sasa tubadilishe vipimo: kilomita 54 kwa saa ni mita 15 kwa sekunde, na kilomita 90 kwa saa ni mita 25 kwa sekunde. Ikiwa treni zinaelekeana, katika kila sekunde ile nyingine inakusogelea mita 25, na wewe nawe unaifuata mita 15, kwa hiyo pengo lililo kati yenu linapungua kwa mita 40. Kwako wewe uliyeamua kwamba umesimama, treni ile inakuja kwa kasi ya mita 40 kwa sekunde. Ikiwa zote zinaelekea upande mmoja na ile ya kasi inatoka nyuma yako, inasogea mita 25 katika kila sekunde, lakini wewe unaikimbia mita 15, hivyo inakupunguzia mita 10 tu. Hiyo 40 na hiyo 10 ndizo kasi linganishi, yaani kasi ya chombo kimoja kama inavyopimwa na mtu aliye ndani ya chombo kingine. Huna haja ya kukumbuka lini ujumlishe na lini utoe. Jiulize tu, katika sekunde moja, pengo linabadilika kwa mita ngapi?

Limebaki suala la umbali, na hapa ndipo nionapo wanafunzi wengi wakipoteza alama hata baada ya kuipata kasi. Treni zinazoelekeana huanza kupishana pale vichwa vyake vinapokuwa sambamba, na humaliza pale mikia inapoachana. Wakati vichwa vikiwa sambamba, mkia wa treni yako uko mita 160 upande mmoja, na mkia wa treni ile uko mita 200 upande wa pili. Kwa hiyo mikia hiyo ina mita 360 za kukaribiana kabla haijaachana. Zikielekea upande mmoja, kazi huanza pale kichwa cha treni ya kasi kinapofika usawa wa mkia wa treni ya polepole, na huisha pale mkia wa treni ya kasi unapokiacha kichwa cha ile ya polepole. Ukichora michoro miwili, mmoja wa mwanzo na mmoja wa mwisho, utaona kwamba hapa pia treni ya kasi inatakiwa kupata mita 360 zaidi ya mwenzake. Umbali ni uleule katika hali zote mbili; kinachobadilika ni kasi.

Kwa hiyo kupishana kunachukua 360 ÷ 40 = sekunde 9, na kupitana kunachukua 360 ÷ 10 = sekunde 36. Usiamini majibu hayo kwa sababu tu yametoka katika safu hii. Shuka ndani ya treni, usimame kando ya reli, na uyapime upya. Katika sekunde 9 treni ya kwanza imekwenda mita 135 na ya pili mita 225, jumla yake 360. Katika sekunde 36 treni ya kasi imekwenda mita 900 na ya polepole mita 540, tofauti yake 360. Hesabu zote mbili zimekubali, na ukaguzi wenyewe haumalizi nusu dakika.

Kuna ukaguzi mwingine wa haraka zaidi, usiohitaji hata kalamu. Muda wa kupishana sharti uwe mfupi kuliko muda wa kupitana kwa treni zilezile, kwa kuwa jumla ya kasi mbili daima ni kubwa kuliko tofauti yake. Ukipata kinyume chake, ujue umebadilisha nafasi za kujumlisha na kutoa. Nazo treni mbili zenye kasi sawa zikielekea upande mmoja, tofauti ni sifuri, hivyo ile ya nyuma haitaipita ya mbele hata zikienda mwaka mzima. Ndiyo maana hesabu inakuletea kugawanya kwa sifuri, na kugawanya kwa sifuri hakuna jibu.

SWALI: Je, ni lazima kila mara kubadilisha kilomita kwa saa kuwa mita kwa sekunde? Na ile 5 juu ya 18 inatoka wapi?

JIBU: Si lazima. Lililo lazima ni vipimo vyote vya swali moja vizungumze lugha moja. Swali likikupa urefu wa treni kwa mita na muda kwa sekunde, badilisha. Likikupa umbali kati ya stesheni kwa kilomita na muda kwa saa, acha kama ulivyo, kwani kubadilisha kutakupa tarakimu ndefu zisizo na faida. Hiyo 5/18 inatokana na kilomita 1 kuwa na mita 1,000 na saa 1 kuwa na sekunde 3,600, na 1,000/3,600 ikirahisishwa ni 5/18. Watunzi wa mitihani huwahurumia watahiniwa kwa kuchagua kasi zinazogawanyika kwa 18, hivyo inafaa kuzizoea: 18 ni 5, 36 ni 10, 54 ni 15, 72 ni 20, 90 ni 25, na 108 ni 30. Ukisahau uzidishe kwa ipi kati ya 5/18 na 18/5, kumbuka kwamba kasi ileile huandikwa kwa namba kubwa zaidi katika kilomita kwa saa kuliko katika mita kwa sekunde.

SWALI: Mimi ni mzazi ninayejitahidi kumsaidia binti yangu. Swali lao linasema kwamba treni inapita nguzo kwa sekunde 9, na inavuka daraja lenye urefu wa mita 300 kwa sekunde 24, halafu linataka kasi na urefu wa treni. Binti yangu aligawanya 300 kwa 24 akapata kasi ya mita 12.5 kwa sekunde, akazidisha kwa 9 akapata urefu wa mita 112.5. Mwalimu wake ameandika kwamba si sahihi, bila maelezo. Kosa liko wapi, na ni lini urefu wa treni unahesabiwa na lini hauhesabiwi?

JIBU: Mzazi mwenzangu, binti yako amefanya jambo moja jema ambalo halikutajwa: ametambua kwamba treni ikipita nguzo inasafiri urefu wake mwenyewe, ndiyo sababu akazidisha kasi kwa 9. Alipoteleza ni kwenye daraja, kwa kuwa alilihesabu daraja peke yake. Treni inaanza kuvuka pale kichwa kinapoingia darajani, na inamaliza pale behewa la mwisho linapotoka upande wa pili. Kufikia hapo kichwa kimekwisha kusafiri mita 300 za daraja pamoja na urefu wote wa treni. Kwa maneno mengine, zile sekunde 24 ni za daraja na treni kwa pamoja, ilhali zile sekunde 9 ni za treni peke yake. Ukiziondoa 9 katika 24, zinabaki sekunde 15, na hizo ndizo za daraja tupu. Kasi ni 300 ÷ 15 = mita 20 kwa sekunde, ambayo ni kilomita 72 kwa saa, na urefu wa treni ni 20 × 9 = mita 180. Hakiki: 300 + 180 = 480, na 480 ÷ 20 = 24.

Ninaipenda njia hii ya kutoa muda katika muda kuliko ile ya kuandika milinganyo miwili yenye herufi mbili, ingawa zote zinafika mahali pamoja. Mtoto anayeweza kusema kwa maneno yake sekunde 15 ni za nini ameelewa swali. Anayepanga herufi kwa mpangilio aliouona ubaoni huenda ameelewa, huenda hakuelewa, na karatasi haitakuambia.

Kuhusu sehemu ya pili ya swali lako, usimfundishe orodha ya "hapa jumlisha urefu, hapa usijumlishe". Mwambie achague nukta moja ya treni, kichwa kwa mfano, aweke alama mahali kilipo tukio linapoanza na mahali kilipo linapokwisha, kisha apime kati ya alama hizo. Nguzo haina urefu unaohesabika, vivyo hivyo mtu aliyesimama, kwa hiyo umbali ni urefu wa treni tu. Daraja, handaki na jukwaa la stesheni vina urefu, hivyo vinaongezwa. Maneno ya swali nayo yasomwe kwa makini, kwani wakiuliza treni hiyohiyo ya mita 180 ilikuwa nzima juu ya daraja kwa muda gani, alama ya mwanzo inahama: tukio linaanza pale mkia unapoingia darajani na kuisha pale kichwa kinapofika ukingo wa pili. Umbali sasa ni 300 − 180 = mita 120, na muda ni sekunde 6. Kasi, treni na daraja ni vilevile, lakini jibu limetoka 24 likawa 6 kwa sababu ya neno moja, "nzima".

Akiwa mtu wa kando ya reli hakusimama bali anakimbia, tunarudi kwenye kasi linganishi. Tuseme anakimbia mita 2 kwa sekunde kuelekea upande uleule wa treni: treni inamkaribia kwa mita 18 kwa sekunde, na inamaliza kumpita kwa 180 ÷ 18 = sekunde 10, badala ya zile 9 za nguzo. Akikimbia kuikabili treni, kasi linganishi inakuwa mita 22 kwa sekunde, na muda unashuka hadi kama sekunde 8.2.

Naye abiria aliyeketi dirishani huhesabiwa kama nguzo inayosafiri, jambo linalowashangaza wengi. Turudi kwa zile treni za barua ya kwanza, za mita 160 na mita 200, zinazopishana kwa kasi linganishi ya mita 40 kwa sekunde. Abiria wa treni fupi anaiona treni ndefu ikipita mbele ya dirisha lake kwa 200 ÷ 40 = sekunde 5, na abiria wa treni ndefu anaiona treni fupi ikipita kwa 160 ÷ 40 = sekunde 4. Ukijumlisha 5 na 4 unapata 9, ambao ni muda wote wa kupishana tulioukuta pale juu. Si bahati: mita 360 ziligawanywa mafungu mawili, kila fungu likagawiwa kwa kasi ileile. Urefu wa treni aliyopanda abiria hauingii katika hesabu yake mwenyewe, na mwanafunzi anayeujumlisha atakuwa amejibu swali ambalo hakuulizwa.

SWALI: Stesheni mbili ziko umbali wa kilomita 465. Treni moja inaondoka stesheni ya kwanza saa 2:00 asubuhi kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa. Nyingine inaondoka stesheni ya pili saa 3:30 asubuhi kwa kasi ya kilomita 90 kwa saa, ikielekea kwenye ya kwanza. Zitakutana saa ngapi, na wapi? Mimi nimegawanya 465 kwa 150 nikapata saa 3.1, lakini sijui nianze kuhesabu kutoka saa 2:00 au saa 3:30.

JIBU: Kutokujua uanzie wapi ni dalili nzuri, kwa sababu ukweli ni kwamba hakuna mahali pa kuanzia kwa hesabu hiyo. Kasi ya 150 ni ya treni mbili zinazokaribiana zote zikiwa mwendoni. Kati ya saa 2:00 na saa 3:30 kulikuwa na treni moja tu reli nzima, na pengo lilikuwa likipungua kwa kasi ya 60. Kasi linganishi ina wakati wake. Inaanza kutumika pale tu vyombo vyote viwili vinapokuwa vinakwenda, na kila mwendo wa chombo kimojawapo unapobadilika, kwa kuchelewa kuondoka, kusimama njiani au kupunguza mwendo, hesabu inakatwa hapo na kuanzwa upya.

Basi ifikishe treni ya kwanza mahali ilipo saa 3:30. Katika saa moja na nusu imekwenda kilomita 90, hivyo pengo lililobaki ni 465 − 90 = kilomita 375. Kuanzia hapo linapungua kwa 150 katika kila saa, na 375 ÷ 150 ni saa 2.5. Saa mbili na nusu baada ya saa 3:30 ni saa 6:00 mchana. Treni ya kwanza imesafiri kwa saa 4, yaani kilomita 240 kutoka stesheni yake, na ya pili kwa saa 2.5, yaani kilomita 225 kutoka yake. Jumla ni 465, na fumbo limefungwa. Zingatia kwamba urefu wa treni haukutajwa wala hauhitajiki: penye kilomita 465, mita chache za mabehewa hazina uzito, na kwa kawaida mtunzi anakusudia vichwa vya treni.

Kwa kuwa tarakimu tunazo, tugeuze swali. Chukulia kwamba treni ya pili inaondoka stesheni ileile ya kwanza, saa 3:30 hiyohiyo, ikiifukuza ile iliyotangulia. Pengo la kuanzia ni zile kilomita 90, na sasa linapungua kwa 90 − 60 = kilomita 30 kwa saa. Itaikuta baada ya saa 3, yaani saa 6:30 mchana, kilomita 270 kutoka stesheni. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini kabla ya kuandika jibu soma tena swali uone reli inaishia wapi. Kama treni ya mbele inakwenda stesheni iliyo kilomita 250, itakuwa imekwisha kufika saa 6:10 mchana, na ile ya nyuma itaikuta imesimama saa 6:17 hivi badala ya kuikuta mwendoni. Watunzi wenye hila hulitia jambo hilo makusudi.

SWALI: Treni mbili zinaondoka kwa wakati mmoja kutoka stesheni mbili, kila moja ikielekea kwenye stesheni ya mwenzake. Baada ya kupishana, ya kwanza inachukua saa 4 kufika mwisho wa safari, na ya pili saa 9. Kasi ya kwanza ni kilomita 60 kwa saa. Nimeambiwa nitumie vipeuo vya pili, lakini hakuna aliyenieleza vinatoka wapi. Umbali kati ya stesheni haujatolewa.

JIBU: Umbali haukutolewa kwa kuwa hauhitajiki, na utautoa wewe mwenyewe mwishoni. Tuite muda uliopita tangu kuondoka mpaka kupishana t. Njia ambayo treni ya kwanza inaimaliza kwa saa 4 baada ya kupishana ni ileile ambayo treni ya pili iliisafiri kwa muda t kabla ya kupishana. Vivyo hivyo, njia ambayo treni ya pili inaimaliza kwa saa 9 ni ile ambayo ya kwanza iliisafiri kwa muda t. Katika kipande kile cha kwanza, uwiano wa kasi ya kwanza kwa kasi ya pili ni t kwa 4. Katika kipande cha pili, uwiano huohuo ni 9 kwa t. Uwiano hauwezi kuwa na thamani mbili, kwa hiyo t/4 = 9/t, na t mara t ni 36, yaani t ni saa 6. Hapo ndipo kipeuo cha pili kinapoingilia, na si mahali pengine. Uwiano wa kasi ni 6 kwa 4, sawa na 3 kwa 2, hivyo treni ya pili inakwenda kilomita 40 kwa saa. Treni ya kwanza imesafiri saa 6 na 4, jumla 10, kwa kasi ya 60, kwa hiyo stesheni ziko umbali wa kilomita 600; na ya pili, kwa saa 15 na kasi ya 40, inatoa 600 hiyohiyo.

Hapa hatukutumia kasi linganishi hata kidogo. Ni vizuri kulijua hilo, kwani wapo wanaoona neno "kupishana" wakakimbilia kujumlisha kasi, ilhali hapa jumla ya kasi haimfikishi mtu popote.

SWALI: Treni mbili ziko umbali wa kilomita 240 na zinaelekeana, moja kwa kilomita 50 na nyingine kwa kilomita 70 kwa saa. Ndege anaondoka kwenye treni ya kilomita 50, anaruka kwa kilomita 90 kwa saa hadi kwenye nyingine, anageuka papo hapo na kurudi, akiendelea hivyo mpaka treni zikutane. Ameruka kilomita ngapi?

JIBU: Kilomita 180. Treni zinakaribiana kwa kilomita 120 kwa saa, hivyo zinakutana baada ya saa 2. Ndege amekuwa angani kwa saa hizo 2, na kasi yake haikubadilika.

Njia ndefu nayo ipo, na mwenye subira ataifurahia. Mruko wa kwanza ni wa ndege na treni wanaokaribiana kwa 90 + 70 = 160, kwa hiyo unachukua saa 1.5; wakati huo pengo kati ya treni limebaki kilomita 60. Mruko wa kurudi unakaribiana kwa 90 + 50 = 140, unachukua 3/7 ya saa, na pengo linabaki 60/7 za kilomita. Kwenda na kurudi mara moja kumechukua saa 27/14, na pengo limebaki sehemu 1 kati ya 28 ya lilivyokuwa. Kila mzunguko unaofuata ni sehemu 1 ya 28 ya uliotangulia, na mfululizo huo usio na mwisho ukijumlishwa unatoa 27/14 × 28/27, ambayo ni saa 2 kamili. Wanahisabati husimulia kwamba mwenzao, John von Neumann, aliwahi kuulizwa fumbo la aina hii akajibu papo hapo; aliyeuliza alipomsifu kwa kuiona njia ya mkato, yeye alishangaa, kwa kuwa alikuwa ameujumlisha mfululizo mzima kichwani. Sisi wengine tutumie saa 2.

SWALI: Nimesoma kwamba Albert Einstein alionyesha kuwa kasi hazijumlishwi kwa kawaida. Je, mafumbo haya ya treni ni makosa?

JIBU: Wazo kwamba mtu aliye ndani ya chombo kinachokwenda kwa mwendo sawia hawezi kutambua mwendo huo bila kutazama nje lilielezwa na Galileo Galilei katika kitabu chake cha mwaka 1632, kwa mfano wa merikebu, na kujumlisha kasi kwa njia tunayoitumia kunatokana nalo. Mwaka 1905 Einstein alionyesha kwamba jumla hiyo inapaswa kugawanywa kwa 1 ukiongeza zao la kasi mbili lililogawanywa kwa kasi ya mwanga mara yenyewe. Kasi ya mwanga ni mita 299,792,458 kwa sekunde. Kwa treni mbili za mita 30 kwa sekunde, nyongeza hiyo ni 900 ukigawanya kwa takriban 90,000,000,000,000,000, yaani tarakimu ya kwanza isiyo sifuri inakuja nafasi ya 14 baada ya nukta. Jumla yako ya mita 60 kwa sekunde ina kasoro, lakini hakuna kipima mwendo cha treni kitakachoiona. Jumlisha bila wasiwasi.

SWALI: Treni mbili zinapishana kwa sekunde 6, na zikielekea upande mmoja moja inaipita nyingine kwa sekunde 30. Jumla ya urefu wake ni mita 300. Tutafute kasi za treni hizo na urefu wa kila moja.

JIBU: Jumla ya kasi ni 300 ÷ 6 = mita 50 kwa sekunde, na tofauti ya kasi ni 300 ÷ 30 = mita 10 kwa sekunde. Jumla ukiiongeza tofauti unapata 60, ambayo ni mara mbili ya kasi kubwa. Jumla ukiitoa tofauti unapata 40, mara mbili ya kasi ndogo. Kwa hiyo kasi ni mita 30 na mita 20 kwa sekunde, au kilomita 108 na 72 kwa saa.

Urefu wa kila treni hauwezi kupatikana kwa maelezo uliyotuma. Mita 100 na mita 200 zitatoa sekunde 6 na sekunde 30. Mita 140 na mita 160 zitatoa sekunde hizohizo, kwa sababu katika matukio yote mawili urefu wa treni umeingia ukiwa umekwisha kujumlishwa. Inahitajika taarifa moja inayoitaja treni moja peke yake. Angalia kama swali lako halina mstari uliorukwa wakati wa kunakili, kwa mfano kwamba abiria wa treni ya kasi aliiona treni ya polepole ikimalizika kupita dirishani kwake kwa sekunde 3.2 zilipokuwa zikipishana. Ukiwa na mstari wa namna hiyo, treni ya polepole ina 50 × 3.2 = mita 160, na ya kasi ina mita 140 zilizobaki. Kama mstari huo haupo, andika kasi mbili ulizozipata, kisha ueleze kwamba urefu wa kila treni hautoki katika tarakimu zilizotolewa.